Nywele Zisizorudi: Historia ya Upara wa Kovu

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka taratibu.)

Popote ulipo, jikoni, shambani au sokoni, vuta kiti tukae pamoja kwa dakika chache.

Leo tunazungumza juu ya nywele. Huenda ukasema, "Ah, nywele nazo ni ugonjwa?" Subiri kwanza. Fikiria Jumamosi alasiri. Umeketi mlangoni, binti yako yuko katikati ya magoti yako, unamsuka matuta ya kwenda nayo shule Jumatatu. Halafu zamu yako inafika. Dada yako anakufumua, ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Dada, hapa utosini pamebaki ngozi tupu." Unapeleka mkono. Ni kweli. Ngozi ni laini, inateleza. Jioni hiyo unatafuta kitambaa cha kichwa.

Wanawake wengi hukaa ndani ya kitambaa hicho kwa miaka bila kumwambia mtu. Na wakimwambia mtu, swali la kwanza wanaloulizwa ni, "Kwani ulizipaka nini hizo nywele?" Swali hilo lina historia ndefu. Leo tutaifuata historia hiyo, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua: lawama huchelewesha matibabu, na katika ugonjwa huu kuchelewa ndiko kunakomaliza nywele.

Kishimo kikizibwa na kovu

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kila unywele huota kutoka katika kishimo kidogo ndani ya ngozi, kama mche katika shimo lake. Nywele nyingi zinazokatika au kung'oka hurudi, kwa sababu kishimo bado kipo. Mama akijifungua, miezi michache baadaye nywele humtoka nyingi, lakini baada ya muda hurudi. Mtu akiugua homa kali anaweza kupoteza nywele, nazo pia hurudi.

Lakini kuna aina nyingine. Ndani ya ngozi kunaanza uvimbe mdogo usioonekana, ule wa mwili kupigana. Uvimbe huo unakizunguka kishimo na kukiharibu, na mahali pake pakikauka panabaki kovu. Mche hauwezi kuota juu ya saruji, na unywele hauoti juu ya kovu. Huu ndio tunaouita upara wa kovu.

Magonjwa yanayoleta upara wa kovu ni mengi. Mwishoni mwa karne ya 19, madaktari wa ngozi wa Paris, Ufaransa, akiwemo Louis Brocq, walikuwa tayari wanaandika juu ya wagonjwa ambao nywele zao zilitoka kwa mabaka na hazikurudi tena. Waliwatenganisha na wale ambao nywele zao zilitoka kisha zikarudi. Kwa hivyo si ugonjwa wa juzi, wala si ugonjwa wa watu weusi peke yao. Lakini aina moja, ile inayoanzia utosini, imewapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na hadithi yake ndiyo tunayoisimulia leo.

Dobi wa St. Louis

Twende Marekani. Tarehe 23 Desemba 1867, huko Delta, Louisiana, alizaliwa msichana aliyeitwa Sarah Breedlove. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani miaka michache tu. Alikuwa yatima akiwa na miaka 7, akaolewa akiwa na miaka 14, na alipofika miaka 20 alikuwa mjane mwenye binti mdogo. Alihamia mji wa St. Louis, akafua nguo za watu ili amsomeshe mtoto wake. Kuna msikilizaji anayenisikia sasa ambaye anayajua maisha hayo vizuri sana.

Katika miaka ya 1890 nywele zake zilianza kutoka. Haikuwa ajabu wakati huo. Nyumba nyingi za maskini hazikuwa na maji ya mfereji, watu walikaa muda mrefu bila kuosha kichwa, na sabuni zilikuwa kali. Ngozi ya kichwa ilijaa mba na vidonda. Wanawake walifunga vitambaa na kunyamaza.

Sarah hakunyamaza. Aliuliza ndugu zake waliokuwa vinyozi. Akatumia dawa za mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, akawa hata mchuuzi wake. Mwaka 1905 alihamia Denver, mwaka uliofuata akaolewa na Charles Joseph Walker, na akaanza kuuza mafuta yake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker. Ndani ya mafuta hayo mlikuwa na salfa, ambayo husaidia ngozi yenye mba. Aliwafundisha wanawake kuosha kichwa mara kwa mara na kuitunza ngozi, si nywele tu. Alipofariki Mei 1919 alikuwa mmoja wa wanawake weusi matajiri zaidi nchini mwake, na maelfu ya wanawake walikuwa wamepata riziki kwa kuuza bidhaa zake.

Sikiliza vizuri hapa, mama. Nywele za Madam Walker zilirudi. Maana yake ni kwamba vishimo vyake vilikuwa bado wazi. Hilo ndilo linalofanya hadithi yake iwe ya matumaini, na pia iwe ya hatari. Tangu wakati huo hadi leo, kila mwenye chupa ya mafuta ya kuotesha nywele anakuambia, "Paka tu, zitarudi." Kwa mtu ambaye kishimo chake kimeshaziba, mafuta hayawezi kurudisha kitu. Yanamaliza pesa, na baya zaidi, yanamaliza muda.

Chanuo la moto lashtakiwa

Wengi husema Madam Walker ndiye aliyebuni chanuo la moto. Si kweli, chanuo hilo lilikuwepo kabla yake. Yeye na mawakala wake walilitumia, na likaenea. Hata hapa Kenya, mama zetu wanakumbuka chanuo la chuma likiwekwa juu ya jiko la makaa, mafuta yakipakwa, na harufu ya nywele zikiungua ikijaa nyumba nzima kesho yake ikiwa ni harusi.

Mwaka 1968, madaktari watatu wa Marekani, LoPresti, Papa na Kligman, waliandika juu ya wanawake weusi waliopoteza nywele utosini na kubaki na kovu. Walisema chanzo ni chanuo la moto. Maelezo yao yalikuwa kwamba mafuta yakipata moto huyeyuka, huteremka kando ya unywele hadi ndani ya kishimo, na kukichoma. Ugonjwa ukapewa jina hilohilo, upara wa chanuo la moto.

Fikiria maana ya jina hilo. Mwanamke akiingia kwa daktari, jina la ugonjwa wake lilikuwa tayari limemhukumu. Ilikuwa kama kusema, umejichoma mwenyewe kwa kutaka urembo. Basi aliambiwa aache chanuo, akarudi nyumbani. Wengine waliacha, na nywele zikaendelea kutoka.

Jina hilo lilikaa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1992, madaktari wawili, Sperling na Sau, waliwachunguza tena wanawake wenye ugonjwa huu, safari hii kwa kutazama ngozi yao kwa hadubini na kuuliza historia ya kila mmoja kwa makini. Waliona kwamba hesabu haikubaliani. Wengine walikuwa hawatumii chanuo la moto, au walikuwa wamelitumia mara chache, na kwa wengine ugonjwa ulianza miaka mingi baada ya kuliacha. Kama chanuo ndilo mwizi, mbona nyumba iliibiwa wakati mwizi hayupo?

Mwaka 2001, wataalamu wa nywele walikutana Marekani kupanga upya magonjwa yote ya upara wa kovu. Aina hii ikapewa jina jipya linaloeleza inavyoonekana bila kumtaja mkosaji: upara wa kovu unaoanzia katikati na kuenea kuelekea nje. Madaktari huandika kwa kifupi CCCA. Ukiona herufi hizo kwenye kadi yako ya hospitali, sasa unajua maana yake.

Jibu kutoka Durban

Sehemu kubwa ya jibu ilikuja kutoka bara letu. Huko Afrika Kusini, Profesa Ncoza Dlova wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, na wenzake walianza kuwauliza wagonjwa jambo ambalo wengi hawakuwa wameuliza: je, mama yako anao? Dada yako? Binti yako? Mwaka 2014 waliandika juu ya familia 14 ambamo ugonjwa huu ulikuwa ukipita kutoka kizazi kimoja hadi kingine.

Kisha mwaka 2019, Profesa Dlova na watafiti wa nchi nyingine walitangaza kwamba walichunguza wanawake 58 wenye CCCA, na 14 kati yao walikuwa na mabadiliko katika jeni moja inayosaidia kuunda unywele imara. Hiyo ni karibu robo. Hawa walizaliwa hivyo. Hakuna aliyejitakia.

Je, hiyo inamaanisha kwamba namna tunavyosuka na kuchoma nywele haina neno? La, mama. Kichwa ambacho tayari ni dhaifu kikivutwa, kikichomwa na kuwekewa dawa kali kinaumia zaidi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtu "umejiharibu" na kumwambia "kichwa chako kinahitaji mkono mwepesi". Maneno ya kwanza yanamfungia nyumbani. Ya pili yanampeleka hospitali.

Kuna jambo jingine ambalo kina mama hawaambiwi. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipitia rekodi za wanawake weusi karibu laki 5. Kati ya 447 waliokuwa na CCCA, takriban 14 kwa kila 100 walikuwa pia na uvimbe wa faibroidi katika tumbo la uzazi. Kwa wasiokuwa na CCCA, walikuwa takriban 3 kwa kila 100. Hiyo haisemi kwamba moja inaleta nyingine. Lakini kama una upara wa namna hii na hedhi yako ni nzito au tumbo linauma, mwambie daktari yote mawili.

Kichwa cha mtoto

Sasa tumrudie yule binti aliyeketi kati ya magoti yako. Mtoto hapati CCCA kwa kawaida, lakini ziko njia mbili ambazo kovu huanzia utotoni, na zote mbili mama anaweza kuzizuia.

Ya kwanza ni kuvuta. Mwaka 1907 daktari mmoja, Trebitsch, aliandika juu ya wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu, waliopoteza nywele za mbele kwa kuzifunga na kuzivuta kwa nguvu. Miaka 100 baadaye, mwaka 2007, Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichunguza vichwa vya wanafunzi huko Cape Town. Wasichana 17 kati ya kila 100 walikuwa wameanza kupoteza nywele kwa kuvutwa, na kwa wanawake watu wazima ilikuwa karibu 1 kati ya kila 3. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale nywele zilizowekwa dawa ya kulainisha zilipovutwa tena kwa kusukwa au kushonewa nyingine.

Mwanzoni nywele hizi hurudi ukiacha kuvuta. Ukiendelea miaka, kovu linaingia. Kwa hivyo mtoto akisema "mama, inauma", usimwambie "vumilia, urembo ni kuumia". Legeza. Ukiona vipele vidogo kandokando ya matuta, fumua siku hiyohiyo. Ngozi haipaswi kuvutika hadi macho yanainuka.

Ya pili ni choa cha kichwani, ambacho wengi tunakiita mashilingi. Mara nyingi ni mabaka tu yenye magamba. Lakini wakati mwingine kinageuka jipu laini lenye usaha, na hilo likiachwa linaweza kuacha kovu. Mafuta ya kupaka hayafiki ndani ya kishimo. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Griseofulvini imetumika tangu mwaka 1958, na kwa kawaida humezwa wiki 6 hadi 8. Usiikatize kwa sababu mabaka yamepungua. Na usimpeleke kwa kinyozi apasuliwe hilo jipu.

Ukishaona dalili

Mama, dalili za CCCA ni hizi. Nywele za utosini zinakatika na hazirefuki kama za pembeni. Ngozi inawasha, inawaka, au inauma ukiigusa. Kisha panaanza kupungua, na duara linapanuka polepole. Wengine hawasikii maumivu yoyote, ndiyo maana unahitaji jicho la mtu mwingine. Kila unapofumuliwa, mwambie msusi au dada yako akutazame utosini.

Ukiona hayo, anza katika kituo chako cha afya na uombe barua ya kupelekwa kwa mtaalamu wa ngozi. Usivunjike moyo ukiambiwa daktari bingwa yuko mbali. Tangu mwaka 1992 kiko kituo cha mafunzo ya ngozi huko Moshi, Tanzania, kinachowafunza maafisa wa kliniki wa nchi za Afrika, na Wakenya wamesomea huko. Uliza kama hospitali ya kaunti yako ina afisa wa kliniki wa ngozi.

Nenda bila wigi na bila nywele za kushonea. Mtaalamu anaweza kuchukua kipande kidogo sana cha ngozi baada ya kuipiga ganzi. Usiogope. Kipande hicho ndicho kinachoonyesha kama ni CCCA, au ni lupasi, au ni ugonjwa mwingine, na dawa zake si zilezile.

Matibabu yanalenga kuzima moto ulio ndani ya ngozi. Unaweza kupewa steroidi ya kupaka au ya kudungwa kichwani, vidonge vya doksisaiklini, na wakati mwingine minoksidili ya kusaidia vishimo vilivyobaki. Mwambie daktari kama una mimba, unanyonyesha au unapanga kuzaa, maana baadhi ya dawa hizi hazifai wakati huo. Na steroidi usijinunulie mtaani, kwa sababu ikitumiwa vibaya huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Sasa nikuambie ukweli wenyewe. Palipokwisha kuwa kovu, dawa haiparudishi. Kazi ya dawa ni kuokoa nywele zilizobaki, na inachukua miezi. Ukiona duara halijapanuka kwa mwaka mzima, hiyo ni dawa imefanya kazi, hata kama hakuna unywele mpya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa hata ukuta hauna wa kuujenga tena, kwa hivyo ziba ufa mapema.

Usikae peke yako

Na yule ambaye amechelewa? Msikilizaji wangu, wewe pia una njia. Kunyoa fupi, kitambaa kizuri, wigi isiyobana, vyote ni vyako kuchagua. Wigi ivuliwe usiku ngozi ipumue, na usiigundishe kwa gundi.

Huzuni ya kupoteza nywele si ujinga wala majivuno. Wako wanaoacha kwenda kanisani au harusini, wako wanaolala na kitambaa ili mume asione. Baba, kama unasikiliza, usimcheke mama watoto. Msindikize kliniki.

Mwaka 1917 Madam Walker aliwaita mawakala wake Philadelphia, wanawake wakakaa pamoja wakazungumza juu ya kazi na haki zao. Mwaka 2004, huko Marekani tena, wagonjwa na madaktari walianzisha shirika la upara wa kovu, ili watu wenye ugonjwa huu wapate kukutana na utafiti upate kusukumwa mbele. Sisi hatuhitaji kungoja shirika. Tuna vyama, tuna vikundi vya akina mama, tuna mhudumu wa afya wa jamii. Siku moja mama mmoja akifungua kitambaa chake mbele ya wenzake na kusema, "Mimi ninao huu", utashangaa ni wangapi watafungua vyao.

Na binti yako akikuuliza umefanya nini kichwani, usimfiche. Mwambie, "Ni ugonjwa, unaweza kuwa katika ukoo wetu, na wewe nitakutazama utosi mapema." Maneno hayo ndiyo urithi ambao nyanya zetu hawakuweza kutuachia, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Kwa leo tunaishia hapo.

(Muziki wa kufunga.)

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Kwa nini nywele za Madam Walker zilirudi, na za wengine hazirudi?
2. Mtu akipoteza nywele katika mtaa wenu, watu husema nini kwanza? Maneno hayo yanamsaidia au yanamchelewesha?
3. Ni nani atakayekutazama utosini utakapofumua nywele mara nyingine?
4. Hospitali iliyo karibu nanyi yenye mtaalamu wa ngozi iko wapi, na huona wagonjwa siku gani?